Mama Ndoo na Kondoo Asiyeona

Mama Ndoo hakuwa mtu wa kuamini upesi. Ukimsalimia kwa uchangamfu kupita kawaida yako, atakuitikia vizuri, kisha atageuka akutazame mpaka upotee kwenye kona, ajue unaficha nini. Jina lake halisi lilijulikana ofisini tu. Kwingine kote aliitwa kwa ndoo zake mbili, moja ya maji na moja ya pumba, alizokuwa akizibeba kila asubuhi kutoka bombani hadi kwenye banda lililo nyuma ya maabara, tangu enzi ambazo madaktari wa sasa walikuwa bado wanavaa kaptura za shule. Mgongo ulikuwa umeanza kupinda, lakini hakutaka kusaidiwa. Anayekusaidia bila kuombwa, alisema, anapima uzito wa mzigo wako.

Bandani walikaa kondoo na mbuzi. Kondoo walitolewa damu kidogo kidogo, Mama Ndoo akiwashika, ikachanganywa kwenye visahani vya kuoteshea vijidudu vya wagonjwa. Mbuzi walichomwa sindano ili damu yao ijifunze kupambana na maradhi. Zamani walitengwa na ukuta, lakini mvua kubwa iliuangusha, wakachanganyika, na katika kuchanganyika huko kondoo mmoja akapata bahati yake. Alikuwa jike mzee, macho yote mawili yamefunga utando, na damu yake hawakuichukua tena. Beberu mmoja mwenye kengele shingoni alimzoea sana. Kengele ikienda kwenye maji, kondoo anaifuata kwenye maji. Ikitulia, naye analala. Mama Ndoo alimpenda kondoo yule kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya watu.

Kutoamini kwake hakukutoka hewani. Mumewe alikuwa fundi wa redio, mcheshi ajabu, na mzaha wake mkubwa ulikuwa huu: "Ipo siku nitatoka kununua betri nisirudi." Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu, na mke naye akacheka. Siku moja mume akatoka kununua betri. Tangu hapo Mama Ndoo alishikilia kwamba mzaha ni ukweli unaochungulia mlangoni kuangalia kama kuna mtu.

Sasa, dirisha la chumba cha chai cha maabara lilitazama bandani. Asubuhi moja Mama Ndoo alikuwa ameinama chini yake akifagia, nao madaktari wako juu na vikombe vyao.

"Hawa watatenganishwaje tena?" aliuliza daktari mkuu, mwanamke mpole wa sauti ya chini.

"Rahisi tu," alisema kijana mrefu waliyemwita Mlingoti. "Tuwatie kwenye mashine ya kuzungusha. Wazito wanazama chini, wepesi wanabaki juu."

"Si bora tuwachemshe?" mwingine akadakia. "Mvuke wa mbuzi utatangulia kupanda, mbuzi hana subira."

"Mnaharibu mali. Mimi," alisema wa tatu, "nawapitisha kwenye kichochoro chembamba, kimejaa majani. Mpenda majani atachelewa njiani, mwenzake atatoka wa kwanza. Tunakinga ndoo tu huku chini."

"Na kinachobaki kimenasa?" Mlingoti akauliza.

"Kinachobaki siku zote tunamwaga."

Wakaangua kicheko. Mama Ndoo alisimama na fagio lake, na alipoinua uso alimkuta daktari mkuu hacheki. Alikuwa anatazama bandani, upande aliosimama kondoo mzee nyuma tu ya Mama Ndoo, anatazama kwa muda mrefu kama mtu anayepiga hesabu.

Machale yakamcheza. Mashine ile aliijua. Alishaiona ikizungusha vichupa vya damu mpaka wekundu ukashuka chini na umanjano ukabaki juu, na kilichokuwa kitu kimoja hakikurudi kuwa kimoja. Watu waliozoea kufanya hivyo kwa damu, alijiuliza, watashindwa vipi kwa mwenye damu?

Alijifanya hamnazo, lakini macho aliyafungua. Kesho yake akaja seremala na futi yake, akapima kutoka banda hadi kwenye kibaraza cha nyuma.

"Mama, mnyama mnene kuliko wote hapa ni yupi?" seremala akauliza.

"Wa nini?"

"Nimeambiwa kichochoro kiwe chembamba. Mnyama apite mmoja mmoja, asiweze kugeuka."

Mama Ndoo akamwonyesha kondoo mwembamba kuliko wote, makusudi, kisha akaenda zake kujaza ndoo ambayo tayari ilikuwa imejaa. Kabla wiki haijaisha, lori likashusha sanduku refu kumzidi Mlingoti, likaingizwa maabara kwa taabu na mlango ukafungwa. Mama Ndoo hakuhitaji kuambiwa kitu kingine. Mashine ya kutosha mnyama mzima ilikuwa imefika, kichochoro kinajengwa, na anayemwagwa alishachaguliwa kwa macho.

Jioni aliazima mkokoteni kwa muuza maji. Alimlaza kondoo mzee ndani, akamfunika magunia, akamwaga samadi juu ya magunia kwa mikono yake mwenyewe.

"Samadi?" akauliza bawabu, pua ameibana.

"Ya bustani ya mdogo wangu. Karibu unuse."

Bawabu akafungua geti upesi. Nyuma yao kengele ililia, ikasogea hadi kwenye uzio, ikaendelea kulia. Mama Ndoo aliisikia vizuri sana. Akajiambia beberu atazoea, wanaume huzoea.

Mdogo wake, mshona nguo, aliishi naye nyumba moja. Aliwapokea uani bila kushangaa sana, maana alimjua dada yake.

"Dada, huyu ni wa maabara?"

"Alikuwa."

"Na wewe kazi yako?"

"Kazi nitaipata nyingine. Yeye atapata uhai mwingine wapi?"

Lakini kondoo hakutaka uhai huo. Aliwekewa maji, akayapita. Aliwekewa majani mabichi, akayakanyaga. Alizunguka uani huku kichwa kimeinuka, anagonga ukuta, anageuka, anagonga wa pili. Mdogo mtu akachukua kikombe cha bati, akatia kijiko, akakitikisa kando ya beseni la maji. Kondoo aligeuza masikio, akaja hatua chache, mbio kidogo. Alipofika akanusa, akasimama, kisha akarudi ukutani. Mama Ndoo alilia pale, waziwazi, ushungi umemwanguka.

Siku ya pili kondoo alilala na hakuinuka.

"Watu wako wa maabara hawajamgusa," alisema mdogo wake taratibu. "Dada, aliyemtenganisha ni nani?"

Mama Ndoo alimkata jicho. Akaenda kuazima mkokoteni tena.

"Samadi inarudi?" akauliza bawabu. Mama Ndoo akapita na mkokoteni wake.

Bandani alimkuta beberu amesimama palepale kwenye uzio. Alimshusha kondoo karibu naye. Kengele ililia mara moja, kondoo akainua kichwa, na kwa miguu inayotetemeka akaifuata hadi kwenye birika la maji. Akainamisha mdomo, akanywa.

Nyuma yake walikuwa wamesimama daktari mkuu na Mlingoti.

"Tumekutafuta, mama," alisema daktari. "Tulidhani unaumwa. Na yeye tulidhani ameibwa."

Mama Ndoo akawaeleza yote: mashine, mvuke, kichochoro, kinachomwagwa. Mlingoti alianza kucheka, akaona uso wa yule mama, kicheko kikamfia mdomoni.

"Sanduku lile ni friji," alisema daktari. "Kichochoro ni cha kutolea damu. Mnyama akisimama humo, huna haja ya kumkumbatia na kumwangusha chini. Nilikuwa nakutazama siku ile pale dirishani. Wewe, si kondoo. Nilikuwa nautazama mgongo wako."

Mama Ndoo alimchunguza usoni, jicho hadi jicho, akitafuta nyufa.

"Na kumwaga?"

"Ule ulikuwa mzaha tu. Hakuna aliyekuwa na mpango wowote naye. Ungetuuliza tu, mama. Tungekwambia tunatania."

"Mume wangu nilimuuliza," alisema Mama Ndoo. "Akaniambia anatania."

Mlingoti aliinama akaokota ndoo ya maji, akakumbuka kwamba hajaombwa, akairudisha chini polepole, akasimama kando kungoja aruhusiwe. Kondoo alikuwa bado anakunywa.