Betri Juu ya Paa la Tembe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila mwaka nikiwaona mnashuka na mabegi yenu kuanza chuo. Ni siku yangu ya kwanza ya uhandisi wa umeme na kompyuta. Enzi hizo Dodoma haikuwa na chuo kikuu. Ukitaka kusomea mambo hayo ulipanda basi ukaenda pwani, kwenye joto la jasho, ukauacha upepo mkavu wa kwenu. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka yameanza kujaa tena vitu vya nje, nasi vijana tukivaa mitumba mizuri tunajiona tumefika.

Mwalimu wetu, mzee mwenye mvi na miwani iliyofungwa kwa uzi, hakugusa chaki. Alimuuliza kila mmoja wetu kilichomleta. Huyu akasema anataka kuunda kompyuta, yule akataja mitambo ya bwawa la umeme, na wote walisema kwa Kiingereza kilichonyooka. Ilipofika zamu yangu nikaona bora niseme ukweli, tena kwa Kiswahili.

"Shikamoo mwalimu. Kwetu Kibakwe, Dodoma, betri za redio zikiisha baba anazianika juani, na jioni redio inaongea tena. Nataka kujua jua linaingiza nini mle ndani."

Darasa likaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwalimu akangoja wamalize. "Anayecheka atupe jibu," akasema. Akatutazama mmoja mmoja. "Basi wote hamjui, ila mwenzenu ameuliza. Nendeni mkaanike betri."

Hivyo ndivyo tulivyoanza uhandisi. Tulipanga betri zilizochoka juu ya ukuta wa maabara tukawa tunazipima, na wale wale waliocheka wakawa wanagombania mita. Tukajifunza kwamba jua haliingizi kitu. Betri ikipumzika na kupata joto, kile kidogo kilichobaki ndani ndicho kinachoamka na kutoka, na kikiisha kimeisha. Kompyuta yetu ilikuwa moja, inafunikwa kitambaa na kuvuliwa viatu mlangoni kama mgeni mheshimiwa, lakini ukiniuliza nilipendea wapi kazi hii, nitakwambia ni pale ukutani.

Ila moyo wangu ulikuwa Kibakwe. Mama alifariki nikiwa mdogo, tukabaki mimi na baba. Kijijini hakukuwa na simu. Siku ya kuondoka tulikubaliana kwamba nikifika salama na kuanza masomo nitatuma kadi ya salamu redioni, naye atasikia jina langu kwenye kipindi cha jioni. Kadi niliituma wiki ile ile. Lakini kadi za watu zilikuwa nyingi, na saa ya kipindi sisi tulikuwa maabara, kwa hiyo sikujua kama yangu ilisomwa. Nililala nikimuwaza yule mzee na redio yake, nikiomba awe amesikia. Kukumbuka nyumbani kunauma, mwanangu, usione aibu kukikupata.

Likizo ilipofika nikarudi. Kabla sijamwona baba niliziona betri zake juu ya paa la tembe, lile paa bapa la udongo la nyumba yetu, zimepangwa kwa mstari, zimevimba na kuota kutu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Perisi. Umekonda."

Nami kwa kiherehere cha msomi wa mwaka wa kwanza, hata maji sijanywa, nikamweleza kwamba jua haliongezi kitu, kwamba anachosikia jioni ni mabaki tu.

"Nilitaka hayo hayo mabaki," akasema. "Mvua ilikata barabara, dukani betri hakuna. Nikasema basi, taarifa ya habari sisikilizi, kwaya sisikilizi, mpira sisikilizi. Naanika mchana, nafungua saa ya salamu peke yake. Nilikuwa nakutunzia wewe."

"Ukasikia?"

Baba akacheka kidogo. "Siku moja mtangazaji akasema, 'Salamu zimfikie Mzee Ndahani wa Kibakwe, kutoka kwa...' Ikazima. Nikaipigapiga, wapi."

"Kwa hiyo jina langu hukulisikia."

"Nimesikia langu," akasema. "Mwingine wa kunitaja mimi redioni ni nani?"

Nililia mbele yake wala sikujificha.

Leo nimestaafu, nakaa Mkonze, Dodoma mjini, umeme upo ukutani na simu ipo mkononi. Miaka mingi nimefundisha vijana namna sauti inavyosafiri. Baba amelala Kibakwe, na wakati mwingine jioni nafungua redio bila sababu, namkumbuka sana. Ningetoa vyote hivi nimwone tena akipanda kwenye paa lile kukusanya betri zake kabla ya umande.

Kwa hiyo wewe unayeanza mwaka wa kwanza, nisikilize. Njoo darasani na swali la kwenu, hata kama ni la kuanika betri, na mwenzako akiuliza lake usimcheke. Utachora saketi, utaandika programu, kichwa kitakuuma. Siku hiyo kumbuka kwamba mwisho wa waya wowote kuna mtu ameketi anasubiri. Na huyo wako anayekusubiri mpigie leo, usingoje matokeo mazuri ya mtihani. Hajali matokeo kama unavyodhani. Anataka kusikia umetaja jina lake.

Mungu akupe macho ya kuona na subira ya kupima mara ya pili. Akurudishe kwenu uwakute wakiwa wazima. Na jina lako, mwanangu, lifike nyumbani lote, lisikatike njiani.