Njia Mbili Zinazochelewa Kuliko Moja

Saa tatu kasorobo asubuhi, Jumatano. Fundi wa mtandao wa zahanati ameshika saa ya kupimia, macho kwenye kompyuta. Picha ya eksirei inasafiri kwenda kwa daktari bingwa mji mwingine. Nje, kwenye benchi, mzee aliyeteguka nyonga anasubiri jibu.

"Sekunde thelathini na mbili tena!" Fundi anajishika kichwa. "Jamani, mbona sielewi?"

Wenzake humwita Mama Njia. Zahanati ina njia mbili za data: waya, wenye uwezo wa megabiti arobaini kwa sekunde, na redio ya kwenye paa, yenye kumi. Wiki tatu sasa anaunda modeli ya hesabu ya kutabiri mwendo wa data njia zote zikitumika pamoja. Modeli inasema picha ifike kwa sekunde kumi na tatu. Saa inasema thelathini na mbili. Waya ukiwa peke yake ni kumi na sita.

"Ng'ombe wawili wanavuta jembe, wanachelewa kuliko mmoja," anasema. "Nimerudia hesabu hadi nimeota namba."

Mkuu wa zahanati amempa hadi Ijumaa. Asipoeleza kwa nini njia mbili zinachelewa, redio ishushwe. Mwaka jana, kabla ya redio, waya ulikatika mara nne, na wagonjwa walisafirishwa mwendo wa saa tatu kwenye barabara mbovu. Hilo linamkosesha usingizi.

Jioni anachagua mchele na mama mkwe wake, ambaye macho yameanza kumsaliti. Wamegawana nusu kwa nusu. Fundi anamaliza, anakaa kusubiri. Sufuria imechemka bure.

"Mama, ungenipa mimi fungu kubwa."

"Macho yangu si unayajua, mwanangu? Aliyegawa ni wewe."

Fundi anaduwaa, ungo mapajani. Ruta, kifaa kinachogawia njia hizo data, hugawa nusu kwa nusu, na waya humaliza mapema ukabaki kuisubiri redio. Modeli yake ilidhani kila njia hupewa kadiri ya nguvu zake.

Alhamisi asubuhi anaipanga ruta: mafungu manne kwa waya, moja kwa redio. Sekunde kumi na tatu! Anapiga kigelegele, muuguzi anakuja mbio akidhani kuna mtoto kazaliwa. Saa nane mchana anapima tena: ishirini na moja. Furaha inamwishia palepale.

Ijumaa mkuu anauliza, "Umepata?"

"Nusu, bosi. Ya asubuhi naielewa. Mchana redio inalegea, na sijui kwa nini."

"Wiki tatu ulikuwa unaniambia unaelewa."

"Nilikuwa naona aibu."

Mkuu anacheka. "Haya, mwezi mmoja. Redio ibaki."

Sasa anapanga modeli mpya, itakayoipima redio kila saa kabla ya kuitwika mzigo.

"Niliipima mara moja, nikadhani ndivyo itakavyokuwa siku zote," anasema, akipiga miayo. "Wakati hata mimi mwenyewe, saa nane siko kama asubuhi."