Fundi Rudia na Kiingereza cha Lifti

Baba yangu ni fundi wa lifti, na kazini wanamwita Fundi Rudia. Jina hilo hakulitafuta, lilimtafuta lenyewe. Ukimwambia, "Fundi, funga breki," hafungi. Kwanza atasema, "Nifunge breki." Ukiitikia, ndipo anafunga. Mafundi walio chini yake amewazoesha hivyo hivyo: aliye juu ya shimo la lifti anasema, aliye chini anarudia, aliye juu anaitikia, kisha ndipo mkono unagusa chuma. Asiyerudia haingii shimoni, hata awe na vyeti vya kujaza kabati. Nyumbani nako ni yale yale. Mama akimwomba chumvi, anauliza, "Nikupe chumvi?" na Mama anamjibu, "Ee, chumvi, ile nyeupe." Tumecheka kwa hilo tangu utotoni.

Kampuni ilipopata wenyewe wapya, kilichoanza kubadilika ni redio za mkononi. Zamani mafundi waliitana humo kwa Kiswahili, na matusi mawili matatu ya kirafiki. Sasa likatoka tangazo kwamba maagizo yote ya redioni yatakuwa kwa Kiingereza, na kila kiongozi wa mafundi atafanyiwa usaili wa mdomo. Atakayeshindwa atapelekwa stoo kugawa grisi na glovu mpaka siku ya kustaafu. Baba amekuwa kiongozi tangu nikiwa sijui kufunga kamba za viatu. Kumpeleka stoo ni sawa na kumwambia akae chini asubiri kuzeeka.

Mimi bintiye nafanya kazi duka la dawa, na Kiingereza nakimudu. Basi nikawa mwalimu. Kila jioni, sahani zikishaondolewa, tulikaa mezani jikoni, yeye na miwani yake iliyofungwa mkono mmoja kwa waya, mimi na subira niliyodhani ninayo.

Majina ya vitu hayakumsumbua. Kamba, puli, swichi, mlango, vyote alivimeza kama maji. Kilichomkaba ni maneno madogo. Waingereza wana mtindo wa kuchukua kiunganishi, kukigandisha na kihusishi, kisha kitenzi wakakitupa dirishani. Wanasema "when on the roof" na kwao sentensi imekamilika. Baba alikuwa akiitazama sentensi kama hiyo jinsi anavyotazama lifti isiyo na mlango.

"Wakati juu ya paa," akasema. "Nani?"

"Yeyote, Baba. Maana yake ukiwa juu ya paa."

"Hiyo 'ukiwa' iko wapi?"

"Haipo. Wameiacha."

"Wameiacha kwa nini? Mtu yuko juu ya paa la lifti, chini yake shimo, na wao hawataki hata kumtaja?"

Ungesema nini hapo? Kwetu herufi mbili tatu tu zinamweka mtu mahali pake: ukiwa, nikiwa, wakiwa. Kwao ujue mwenyewe. Nilijaribu kumweleza kwamba ndivyo wanavyosema, na kwamba lugha haidaiwi sababu, lakini Baba ni fundi, na fundi akiona skrubu imekosekana hatulii. Siku tuliyofika "and with gloves," nilipomtafsiria neno kwa neno, "na na glovu," alicheka mpaka akavua miwani. "Nana glovu! Huyo ni bibi yake nani?" Mama naye akaja kucheka, somo likafa palepale. Mimi sikucheka. Usaili ulikuwa unakaribia na tulikuwa bado tunapiga maktaimu.

Lililonichosha zaidi ni kule kurudia kwake. Nikimuuliza swali kwa Kiingereza, analirudia lote, polepole, neno kwa neno, kisha ananitazama akingoja niitikie. Nisipoitikia, hajibu. Nikimwambia, "Jibu tu, Baba, usirudie," anasema, "Nijibu tu, nisirudie?" Jioni moja uzalendo ukanishinda. Nikapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. Mzazi wangu, mtu mzima mwenye mvi, akavishika vikombe visianguke. Kisha akanisukumia karatasi zangu taratibu na kusema, "Tuendelee, mama." Niliona aibu, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Haki yake nimpe: alijifunza. Mwishowe yale maneno madogo aliyashika yote, "if in", "but without", "until after", akiyatamka huku akipiga pasi shati lake la kazi. Siku ya usaili aliondoka nyumbani amenyooka, kola imesimama. Nami nikaenda dukani nikiwa na hakika.

Jioni alirudi akavua viatu mlangoni, akasema, "Wamesema stoo." Basi. Akaenda kuoga.

Kesho yake nikamtafuta karani wa ofisini kwao, dada mmoja anayenunua dawa ya kikohozi kwetu. Nikamuuliza mzee alikosea nini.

"Dada yangu, mzee wako ni kasuku," akaniambia, na hakusema kwa ubaya. "Meneja anauliza, yeye anarudia swali. Anauliza jingine, analirudia pia, halafu anamkazia macho. Meneja akaona haelewi hata neno moja. Mimi nilitaka nizame chini ya meza."

Damu ilinichemka. Si kwa meneja peke yake. Kwa Baba pia, maana nilimwonya! Niliomba ruhusa dukani, nikaenda kumwona meneja bila kumwambia mtu nyumbani. Nikamweleza kwa Kiingereza changu chote kilichonyooka kwamba kurudia ndiko kufanya kazi kwao, kwamba baba yangu alikuwa akingoja aitikiwe ndipo ajibu. Alikuwa mtu mstaarabu, lazima nikiri. Alinisikiliza. Akasema atampa nafasi nyingine, ila kwa sharti moja: ajibu moja kwa moja. Redioni hakuna muda wa kila mtu kusema kila kitu mara mbili.

Baba alipopata habari kwamba nilikwenda kumsemea, hakunigombeza. Aliuliza tu, "Amesema nisirudie?"

"Ndiyo, Baba. Hilo tu. Mengine yote unayajua."

Safari hii niliruhusiwa kukaa chumbani, kwenye kiti cha ukutani, kwa sharti la kufunga mdomo. Meneja alikuwa upande wa pili wa meza, karani pembeni yake. Baba aliweka mikono magotini. Swali la kwanza lilikuwa jepesi, tena lile tulilolipitia zaidi ya mengine yote: fundi afanye nini "if in doubt," yaani akiwa na shaka. Jibu lake ni kusimama na kuuliza. Nililijua. Baba alilijua. Nilimwona akilipata, limemfika mpaka kwenye ulimi.

Akalimeza. Kisha akarudia swali, neno kwa neno, bila kosa hata moja, akamtazama meneja akingoja.

Meneja akaweka kalamu chini. Mimi nilitamani kulia kwa hasira. Wiki zote zile za kupiga kelele jikoni, na mtu anakuja kuimwaga kazi yake sakafuni kwa ubishi tu!

"Mwanangu," Baba akaniita kwa Kiswahili. "Hapa Kiingereza changu hakifiki. Nisaidie. Mwambie kuna siku sikurudia."

Nikamtazama meneja. Akaitikia kwa kichwa. Nikatafsiri.

"Mwambie nilikuwa juu, kwenye mashine, nikipiga soga na mtu. Mwenzangu akaniita kutoka shimoni. Sikusikia alichosema. Nikamjibu 'sawa,' nikaachia breki, lifti ikasogea."

Nikatafsiri hayo pia. Sauti yangu ilikuwa bado ya hasira, na nikaisikia ikilegea katikati ya sentensi.

"Mwambie mkono wake wa kushoto ulikatwa palepale. Alikuwa shemeji yangu."

Shemeji yake ni mjomba wangu, kaka yake mama, mwenye duka la kuuza vioo, anayefunga kifungo cha shati kwa mkono mmoja haraka kuliko sisi wenye miwili. Sote tulikua tukiambiwa kwamba alikatwa na msumeno wa mbao. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akitusimulia.

Kiingereza chote nilichokuwa najivunia kikanikimbia, nikabaki nimeshikilia mkono wa kiti. Baba akangoja. Meneja akangoja. Mwisho nikasema, neno kwa neno, bila kuacha hata moja.

"Sasa mwambie," Baba akaendelea, "kazi ya redioni ampe anayeweza kujibu upesi. Mimi siwezi, na sitaki nijifunze."

Uongozi alipewa mwingine, Baba akaenda stoo. Meneja alimpa Baba mkono kwa heshima, lakini kazi ni kazi, na wenye kampuni walishaamua. Tuliposhuka, kwa ngazi, nilimuuliza kama Mama anajua.

"Kaka yake huyo. Atakosaje kujua?" akasema. "Mimi niliacha kazi, nikalala nikiutazama ukuta. Mjomba wako ndiye aliyekuja kunitoa kitandani, bandeji bado ina damu. Akaniambia nirudi kazini, na nyinyi msijue kamwe, msije mkaniogopa."