Mshale wa Bomba la Saba

Pale maabara wanamwita Mama Matope, naye huitika. Mwaka wa ishirini na sita huu anaosha tope lililotolewa chini ya bahari kwa mabomba, kila moja likianza pale la juu yake lilipoishia, analichuja, kisha kwa brashi nyembamba anaokota makombe madogo kama punje za chumvi. Usicheke! Makombe hayo yana oksijeni nzito na nyepesi, isotopu kama wanavyoziita wenyewe, na mashine ikizipima hukwambia bahari ya zamani hizo ilikuwaje.

Wiki ile mkuu wa maabara, kijana aliyefundishwa na yeye Mama Matope kushika brashi, alikuwa hashikiki kwa furaha. Pale bomba la sita linapoungana na la saba vipimo viliruka, ishara kwamba bahari ndogo wanayoichunguza ilitengwa na bahari kuu ghafla.

"Mama, miaka minne naitafuta hii! Kesho makala inakwenda jaridani."

Mama Matope akarudi kuosha tope lililobaki. Upande wa juu wa bomba, vidole vikakuta mchanga wa chenga. Kadiri alivyoshuka, tope likazidi kulainika. Chenga nzito ndizo hutangulia kuzama, sasa zimefuata nini juu? Bomba lilikuwa kichwa chini miguu juu. Na mshale ulioonyesha juu aliuchora yeye, siku aliyopigiwa simu kwamba mumewe amelazwa.

Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ujao, na wa kuusaini ni kijana huyo huyo. Alikaa pale, jamani, mpaka tope likamkaukia mikononi. Kisha akapiga moyo konde, akaenda kumwambia.

Kijana akageuza namba kwenye kompyuta. Ule mruko ukapotea, ukabaki mteremko wa polepole. Akajishika kichwa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe tu, mwanangu."

Kijana akafungua daftari la maabara, akaandika: "Bomba la saba liligeuzwa." Hakutaja mtu, Mungu ambariki. Mama Matope akalivuta daftari, akaongeza chini yake: "Nililigeuza mimi."

"Na mkataba wangu?" akauliza.

"Mama, tuna mabomba arobaini ya kukagua mishale. Unataka niyakague na nani?"

Ndipo Mama Matope alipolia, akajipangusa kwa mikono ile ile, na uso mzima ukajaa tope.