Nilivyompandisha Mjomba Juu ya Jengo la Nairobi

Nilimpandisha mjomba juu ya lile jengo ili aogope. Sikuwa na sababu nyingine, na sioni haya kulisema.

Alikuwa amempa mwekezaji kipande cha mlima ambacho mama yangu alikilima tangu sijazaliwa: matuta ya kabichi na njegere, upande wa Uluguru unaotazama mji wa Morogoro. Mwekezaji alitaka kujenga nyumba ya wageni kwa ajili ya mandhari. Ilikuwa miaka ambayo kila mwenye viatu vipya alijiita mwekezaji. Mama akaoneshwa shamba jingine huko juu, karibu na msitu, mwendo wa saa mbili kwa goti lake bovu.

Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Akishasema, dada zake wanafunga mizigo. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nikauliza nani alimpa usemaji huo. Watu wa ukoo wakanicheka. Si utakuwa wako? Kiti cha mjomba hurithiwa na mtoto wa dada, na mrithi nilikuwa mimi.

Kisha binti wa mjomba aliyeolewa Nairobi akajifungua, na mjomba akaniomba nimsindikize kwa kuwa najua Kiingereza. Nilikubali upesi mno. Siku ya pili nikampeleka kwenye jengo refu ambalo wageni hupanda kuutazama mji.

Kwenye lifti alishika rozari. Askari wa lifti akamuuliza kwao wanapandaje.

"Kwa miguu," mjomba akasema, "na mzigo kichwani."

Nilifurahi kuona midomo yake ikitetemeka. Lakini mlango ulipofunguka alitoka moja kwa moja hadi ukingoni, akaegemea vyuma kama mtu aliyefika kwake, akaanza kuulizia mto unaonywesha mji wote ule uko wapi. Mimi ndiye niliyeganda ukutani. Nililelewa kwenye mabweni ya misheni, chini, tambarare.

"Msomi, sogea," akasema. "Huku hakuna utelezi."

Halafu akatoa karatasi ya kumpa mwekezaji lile shamba, ndani ya mfuko wa nailoni, na kalamu. Watu wa ardhi walikuwa wamemwambia mwekezaji kwamba sahihi ya mzee peke yake haitoshi, wanataka na ya mrithi. Akasema tumalizane hapo hapo, dada zake hawapo wa kutuingilia. Ndipo nilipoelewa nani alimleta mwenzake Nairobi.

Niliisoma mara mbili, mgongo ukutani. Nikamuuliza kama ni kweli kwamba baada yake mimi ndiye nitakayesema nani alime wapi. Akasema ndiyo desturi.

"Basi sikiliza, mjomba. Mkeo na wanao si wa ukoo wetu, ni wa ukoo wa mama yao. Siku ukifa, ni wageni kwenye ardhi yetu. Nitawaonesha lile shamba la juu, la msituni. Hata huyu mjukuu tuliyekuja kumbeba, akija kusalimia, atapanda huko huko."

"Hutathubutu."

"Nimejifunza kwako."

Mzee yule hakuwa mjinga. Alijua maneno ya aina hiyo hayasemwi kwetu hata msibani, na kwamba mtu aliyeweza kuyasema ataweza kuyatenda. Akauliza nataka nini. Nikamwambia ageuze karatasi aandike nyuma yake kwamba dada yake anarudi kwenye matuta yake. Aliandika akiwa ameiweka juu ya goti, herufi moja moja, nami sikumsaidia hata pale alipokwama. Askari wa huko juu akasaini kuwa shahidi bila kusoma, akatuuliza kama tumeuziana gari.

Mama alirudi shambani kabla ya masika. Mwekezaji alikwenda kusumbua mlima mwingine. Siku moja tukipalilia, mama akaniuliza nilimwambia nini kaka yake hata akalegea hivyo. Nikamsimulia, nikitegemea atacheka.

Aliweka jembe chini. Akasema niende kwa mke wa mjomba nikapige magoti, leo, kabla jua halijazama, kwa maana mwanamke yule ndiye aliyemuuguza yeye, mama yangu, nilipokuwa shule.

Nilimwambia nimesikia. Sijaenda.