Mjomba Aliyeniambia Ninyamaze Jangwani

Iko siku moja ya jangwani ambayo haijanitoka, mwanangu, na kwa kuwa umeniuliza kwa nini nawasumbua wazee wa kanisani kwa maswali ya afya yao, keti nikusimulie.

Ulikuwa mwaka wa 2015. Nilikuwa msichana kutoka Machakos, nasomea usanifu wa majengo Columbus, Marekani, na kuishi kitongoji cha Westerville. Mama yangu alikuwa ameshafariki. Mzazi niliyebaki naye alikuwa kaka yake, Mjomba Kioko, aliyekaa Riverside kule Buffalo. Likizo yangu ya kwanza alinipeleka kuona nyumba moja ya mjini kwao, iliyochorwa na msanifu mashuhuri wa zamani. Nilisimama nje kwenye baridi mpaka vidole vikafa ganzi. Mjomba hakuona cha ajabu pale, lakini aliuona uso wangu, na tangu siku hiyo alimwambia kila mtu kwamba mpwa wake atajenga.

Basi nikaitwa kwenye mahojiano Arizona, katika nyumba ya jangwani alikoishi na kufanyia kazi msanifu yuleyule. Vijana wachache walikuwa bado wanafundishwa pale, na mimi nilitaka kuwa mmoja wao kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote. Mjomba akakataa niende peke yangu. Asubuhi hotelini nilimwomba tule kwanza.

"Tutakula baadaye," akasema, akifunga tai. "Hatuwezi kuchelewa kwa watu."

Tulipangiwa kuizunguka nyumba pamoja na wageni wengine, kisha mimi nibaki studio nihojiwe. Mama mmoja mzee wa Kimarekani alituongoza. Mwanangu, nyumba ile ilikuwa imelala chini ya mlima kana kwamba imeota pale. Kuta zake zilikuwa za mawe ya jangwani yaliyoshikwa kwa zege, na juu yake mbao nyekundu zilizoegama. Unaingia kwa kupita mahali pafupi, penye giza, ukiinama, halafu ghafla chumba kinafunguka na mwanga unakujaa machoni. Nilitaka kucheka kwa furaha. Nikageuka nimwonyeshe Mjomba.

Alikuwa ameegemea ukuta. Jua la pale hukausha jasho kabla halijatiririka, na sisi wengine tulikuwa wakavu, lakini shati lake yeye lilikuwa limelowa mpaka kwenye mshipi.

"Mjomba, uko sawa?"

"Niko sawa. Tazama mbele."

Tulipofika uani mikono yake ilikuwa inatetemeka, akaificha mfukoni. Nikasema nimwambie mwongozaji. Akanishika kiwiko kwa nguvu.

"Nyamaza, Ndunge. Usinitie aibu mbele ya hawa watu. Hii ni siku yako. Mimi ndiye mkubwa, na nimesema nyamaza."

Nikanyamaza. Ndivyo nilivyolelewa, mkubwa akisema amesema. Lakini nilijichelewesha nyuma ya kundi, nikampigia Mwende, binti yake, aliyekuwa akitunza wagonjwa Louisville.

"Baba amekula?" akaniuliza kabla sijamaliza kueleza.

"Bado."

"Na sindano amejidunga?"

"Sindano gani?"

"Ana kisukari, Ndunge. Alinikataza kukwambia, eti utaacha masomo uje kumlea. Kama amejidunga na hajala, sukari yake imeshuka. Mpe kitu kitamu sasa hivi! Uite ambulensi!"

Niliwakuta wameshaingia studio. Vijana walikuwa wameinamia meza zao ndefu za kuchorea, na mwisho wa chumba alisimama mwalimu ambaye angenihoji, akinitabasamia, kwa sababu alikuwa ameshanitambua. Mjomba akanitazama, akaniita kwa jina la mama yangu. Akaniuliza kwa Kikamba kama ng'ombe wamerudi.

Hapo nilipaza sauti mpaka mwenyewe nikashtuka. "Nisaidieni! Mjomba wangu ni mgonjwa, anahitaji sukari!"

Kalamu zote zikasimama. Mjomba, katika kuchanganyikiwa kwake, bado alipata nguvu ya kunikemea, "Nyamaza wewe!" kisha magoti yakamwishia. Tulimdaka mimi na mwalimu. Msichana mmoja akaja mbio na chupa ya maji ya machungwa. Aliikataa, akakaza meno, nami nikampigia kelele kama mtoto mdogo, "Kunywa, Mjomba! Kunywa!" Akameza. Akameza tena. Ambulensi ilipofika alikuwa ameanza kunitambua. Nilipanda naye, na mahojiano nikayaacha pale.

Hospitalini aligeuka akautazama ukuta. "Umeacha watu wakikusubiri," akasema.

"Nimewaacha."

"Nilikwambia unyamaze."

"Ningenyamaza, ningekurudisha Buffalo kwenye sanduku."

Sikuwahi kumjibu hivyo. Nilingoja anifokee. Badala yake alilia, mwanaume yule ambaye sikumwona akilia hata tulipomzika mama. "Nilidhani nakulinda," akasema.

Wale wa studio waliniita tena baada ya wiki chache, wakanihoji kwa simu, na nafasi ile wakampa mwingine. Iliniuma, sikufichi, na iliniuma muda mrefu. Nilimalizia masomo Columbus, na hadi leo nachora zahanati na shule. Mjomba aliishi miaka mingi, na popote alipokaribishwa aliwatangazia wenyeji kabla hajaketi kwamba ana kisukari na anataka kula mapema. Mwende alikuwa akiona haya. Mimi nilikuwa nacheka.

Sasa nasaha yangu ndiyo hii. Waheshimu wakubwa wako, wapishe, wasikilize. Lakini mkubwa akikuficha maumivu yake akasema ni kwa ajili yako, usimsaidie kuyaficha. Na wewe ukiumwa, sema, usimwachie mtu anayekupenda kazi ya kubahatisha. Hata mimi, mwanangu, siku nitakapokukazia macho na kukwambia nyamaza huku natetemeka, usininyamazie.

Mungu akupe sauti saa utakayoihitaji, na kila utakapoita, awepo wa kukuitikia.