Kiuno cha Fundi

Tata, yaani baba yangu, alikuwa fundi cherehani pale Kamachumu, kwenye baraza la duka ambalo wenyewe, familia ya Kihindi, walikuwa wamelifunga na kuhamia Bukoba mjini. Miaka ile ya baada ya vita vya mpakani kwetu, watu wa kwetu walipoanza kupukutika, yeye alijua nani anaondoka kabla ya daktari na kabla ya padri, maana watu walikuja kwake kupunguziwa suruali. Leo inchi mbili, baada ya mwezi inchi mbili tena. Mara ya tatu mwenye suruali haji, anamtuma ndugu. Tata alikuwa na futi kamba shingoni na pini mdomoni, na mtu mwenye pini mdomoni haulizwi maswali.

Ugonjwa tuliuita Juliana, jina la kitambaa cha mashati waliyovaa vijana wenye fedha za magendo. Tata aliyashona mengi mno hayo mashati. Baadaye akawa anayakata upya, yawatoshe watoto wao.

Basi mwaka niliotimiza miaka kumi na tisa, nikamkuta anapunguza suruali yake mwenyewe.

Nilikimbilia kibanjani nikalia peke yangu kwenye migomba. Mama alikuwa amefariki zamani, kwa uzazi, kabla ya vita, na nyumbani tulikuwa wawili tu. Tata alikuwa anakunywa maji mpaka mtungi unaisha na bado ana kiu. Aliacha cherehani kila mara kwenda chooni. Nilimvuta hadi hospitali ya misheni, naye alikuja kwa sababu moja tu: nilikuwa mkali kuliko yeye.

Muuguzi, mama mtu mzima mwenye miwani, aliweka matone ya mkojo kwenye kichupa chenye dawa ya buluu, akakichemsha. Alituambia tutazame. Ikibaki buluu, hakuna tatizo. Ikawa kijani, ikawa njano, ikaishia rangi ya tofali.

"Ni sukari," akasema.

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti humo ndani, Tata akanikata jicho. Nani aliwahi kufurahia ugonjwa namna ile? Lakini wakati ule, kuambiwa mzazi wako ana ugonjwa mwingine, ugonjwa wowote ule mwingine, ilikuwa ni kurudishiwa mtu aliyekwisha kuzikwa.

Yule mama alinikalisha akanifundisha. Aliona kwamba mpishi ni mimi. Alisema chakula chote cha wanga huishia kuwa sukari kwenye damu, tofauti ni mwendo. Kipo kinachoingia taratibu, kama mvua inavyoingia kwenye kibanja kilichotandazwa nyasi, na kipo kinachoingia kwa kishindo, kama mvua iliyopiga njia tupu. Akanipa mfano wa mkungu mmoja. Ndizi ikiwa mbichi, ukiipika kwa maharage na mboga za majani, inakwenda taratibu, na mwili wa mgonjwa unaweza kuisubiri. Ndizi hiyohiyo ikiiva inakimbia zaidi. Ukiikamua ukatupa makapi ukabaki na omuramba, ile juisi yetu tamu, hapo hakuna cha kuizuia tena. Soda nayo ni vilevile, na chai ya sukari, na mkate mweupe.

"Na hata ebitoke, hizo ndizi mbichi za kupika, usimjazie sahani," akasema. "Taratibu siyo bure."

Akampa na vidonge. Nikarudi nyumbani nimekuwa askari. Ebitoke na maharage, sahani moja, mboga nyingi, dagaa. Chai bila sukari. Tata alinung'unika kwamba namlisha kama mfungwa, nikamwambia mfungwa hapewi dagaa. Baada ya miezi mitatu kichupa kilibaki kijani, karibu na buluu. Kiu ilikwisha, na suruali ilianza kukaa kiunoni bila mkanda. Nilijisifu sana.

Sasa, misiba ilikuwa kila wiki, na msibani unapewa kinywaji, huchagui. Tata akawa anakataa soda, anakataa omuramba, anaomba maji. Watu wakamwangalia. Mtu aliyekonda, fundi aliyejipunguzia suruali hadharani barazani, halafu hanywi? Wakasema koo lina vidonda. Wakasema tumbo linakataa. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, wakasema na hilo pia.

Nilimwambia shangazi, dada yake Tata, kwamba ni sukari, nimeona kwa macho yangu. Shangazi akanishika mkono kwa huruma, huruma ile ninayoichukia hadi leo.

"Mwana wange," akasema, "siku hizi kila nyumba ina sukari."

Na kweli. Kila aliyekuwa na mgonjwa wa Juliana alisema ni sukari, au ni kifua kikuu, au amerogwa. Sukari lilikuwa neno la heshima la kufunikia. Sisi tulioisema kweli tukaonekana waongo kama wengine. Wateja wakapungua barazani. Fundi hujichoma sindano, damu hudondoka kwenye nguo, na nguo hiyo nani aivae?

Katika hali hiyo ndipo posa yangu ikaja. Kijana alikuwa karani wa ghala la kahawa Bukoba, kwao ni Bakoba, mtaa wa hukohuko mjini. Washenga wakatuma habari kwamba watakuja kuonana na baba wa binti baada ya wiki sita. Hawakusema wanakuja kumtazama kama ni mzima. Hawakuhitaji kusema. Hakuna aliyekubali kuoa kwenye nyumba yenye Juliana.

Shangazi akaleta kilo mbili za sukari na kopo la glukosi. "Mnenepeshe ndugu yangu," akaniambia. Nikavirudisha. Akavileta tena nikiwa kisimani, akamkabidhi Tata mwenyewe.

Tata akaanza kunywa. Kwanza msibani, mbele ya watu, soda moja, kisha mbili. Kisha nyumbani, uji wa sukari asubuhi, ndizi mbivu mchana, ili anenepe kabla ya wageni. Badala ya kunenepa akakonda. Yule mama wa hospitali alikuwa ametuonya: sukari ikijaa kwenye damu mwili unashindwa kuitumia, unaanza kujila wenyewe. Nilimkumbusha. Tuligombana sikukuu na siku za kazi. Nilimwaga uji, akakoroga mwingine. Kadiri alivyokonda ndivyo alivyozidi kunywa, na kadiri alivyokunywa ndivyo alivyokonda.

"Unajiua!" nilimpigia kelele.

"Nitawaambia nini washenga?" akasema. "Niwaoneshe kichupa? Kwetu hapa umebaki ugonjwa mmoja tu. Magonjwa mengine yote yamekwisha."

Nilimwambia twende hospitali wamwongezee dawa. Akasema tutakwenda wageni wakishapita. Siku ya wageni alivaa mashati mawili ndani ya koti, na kiunoni alizungusha kanga ya marehemu mama chini ya suruali. Alishona vizuri sana, huwezi kujua.

Washenga walikuwa wawili, baba mdogo wa kijana na shangazi yake, mama mwenye macho yasiyopepesa. Wakapewa kahawa ya kutafuna. Kikaja kibuyu cha omuramba. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni aone kwamba hakuna sumu. Kuonja ni funda moja. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nilimtazama Tata, nikitikisa kichwa kidogo, asinywe zaidi ya hapo. Yule shangazi wa kijana alimtazama pia. Tata akainua kibuyu, akanywa, akanywa, nikaona koo lake likipanda na kushuka, mpaka akakimaliza. Akafuta mdomo, akacheka, akasema kiletwe kingine cha wageni.

"Huyu mzee ana afya," baba mdogo akasema.

Yule shangazi wa kijana akaanza kutafuna kahawa yake.

Siku ya nne Tata alitapika tangu asubuhi. Alikuwa anahema kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima, na pumzi yake ilinuka ndizi zilizofukiwa zikaiva kupita kiasi. Majirani wanne walimbeba kwa machela. Nakumbuka walijifunga vitambaa mikononi kabla ya kuishika, na nakumbuka sikuwashukuru. Hospitalini yule mama mwenye miwani hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alimtundikia maji na kumchoma sindano, akasema tumechelewa kuja lakini atajaribu.

Jioni Tata alifungua macho.

"Wamejibu?"

"Wamekubali, Tata."

"Walisema nini juu yangu?"

"Walisema una afya."

Akatabasamu. Nilikuwa nimekunja uso, akaniambia nisinune, binti anayeolewa hanuni. Alifariki kesho yake kabla ya saa nne.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Tata hakuwa na la kuficha, na kifo kilimuumbua vilevile, maana matangani walinong'ona kwamba kumbe ilikuwa ni Juliana, mmeona alivyokwisha. Nilisimama katikati yao nikasema ni sukari, ni sukari, ni sukari. Shangazi akanishika mkono tena.

Sasa niseme ambalo sijawahi kumwambia mtu. Yule karani nilikuwa nimeonana naye mara nne. Alikuwa kijana mzuri, ana adabu, basi. Angepotea, ningelia siku mbili nikaendelea na shughuli zangu. Katika ugomvi wote ule juu ya uji na soda, katika maneno yote niliyomrushia Tata, hilo moja sikulisema. Ningemwambia, "Tata, achana nao, simtaki kiasi hicho," angekula ebitoke vyake na maharage na tungekwenda hospitali kesho yake. Nilijua hivyo hata wakati ule. Lakini wenzangu wa rika moja walikuwa wanazikwa, na mimi nilikuwa naolewa, na nilipenda watu wanione.

Washenga walisubiri tanga liishe, kisha wakatuma mtu kuuliza kama bado nipo tayari. Nikasema nipo. Ningemkataaje, na Tata alikuwa ameshakunywa?